Mashati ya Wagonjwa wa Alhamisi

Mgeni rasmi, Profesa wetu wa utafiti. Madaktari, wauguzi, na ndugu mliotusindikiza:

UKARIBISHO
Karibu tena kliniki ya Alhamisi. Rangi inayonukia ukutani imepakwa jana kwa heshima yako. Na jokofu la damu lililokuwa pale mlangoni limehamishwa. Limepelekwa wapi, hatujaambiwa.

HISTORIA
Sisi ni wagonjwa wa lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Ulitueleza kwa upole kwamba chembe za kinga hulelewa ndani ya uboho wa mifupa, na zile zinazoudhania mwili wenyewe kuwa adui huchujwa kabla hazijapevuka. Kwetu sisi chujio limetoboka, zinapita. Ukasema unatafuta zinaharibikia hatua gani. Tukakuamini, tukatoa damu.

MAFANIKIO
Wengi wetu tungali hai, tunashukuru. Tena tumezoea mpaka tunakunja mkono wa shati tukiwa bado mlangoni, kabla hatujaulizwa. Wauguzi hucheka, nasi tunacheka nao.

CHANGAMOTO
Hapa mtatuwia radhi. Mwenzetu Mama Vifungo, fundi cherehani, alimleta bintiye mwenye wekundu mashavuni na vidole vilivyovimba. Mkamtoa damu ili mkailinganishe na ya mama. Mama akasubiri majibu, akapigwa danadana dirisha hadi dirisha, mwisho akaambiwa: "Mama, ile ilikuwa damu ya utafiti, siyo ya majibu."

Leo binti amelazwa, figo zimeguswa. Tumesikia, na aliyetunong'oneza yumo humu ndani, kwamba chembe zake zilionekana kitambo zimeharibika kama za mama yake. Pengine si kweli. Lakini mbona kila tukiuliza mnatazamana?

MAOMBI
Ombi letu ni moja. Binti apewe majibu yake leo, na daktari anayemtibu ayaone.

Tumeliona boksi la vichupa vipya vya damu ulilokuja nalo. Nawe bila shaka umeyaona mashati yetu ya mikono mirefu, ukadhani ni sare ya kukupokea, au tunakwepa jua. Ameyashona Mama Vifungo, yanabana hadi kwenye kifundo cha mkono. Tumekubaliana hakuna atakayekunja mkono kabla yeye hajafungua kifungo chake.

Mwenyezi Mungu akupe afya, na moyo wa kumtazama usoni. Ndiye huyo aliyekaa mbele yako.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Alhamisi.