Theodory Sangu na Kuhe wa Ghuba ya Kalupe

Ndugu waombolezaji, pamoja nanyi mliofuata harufu ya jiko, familia inaomba utulivu.

Theodory Sangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 kijijini Kalupe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Yusto, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1972, na kwa kuwa sekondari ilikuwa ya wenye nacho, akashika kasia.

Alivua kwa nyavu halali tu, jambo ambalo wenzake waliliona ni ushamba, na tarehe 23 Julai 1983 alifunga ndoa na Coleta, wakajaliwa Basil, Salome na Marsiana, ambao wote wako hapa.

Mwaka 2006, alipoona samaki aina ya kuhe wanazidi kuadimika ziwani, alianzisha kikundi cha kulinda mazalia na kuifunga ghuba ya Kalupe isivuliwe, kwa maana kuhe akishataga hakimbii, dume na jike hukaa juu ya watoto wao hata wavu ukishushwa mbele ya macho yao, hivyo mvivu yeyote anaweza kuwazoa wote, wazazi na watoto, kwa wavu wa kukokota, kokoro, au kwa chandarua alichogawiwa mkewe kliniki. Wavivu hao hawakukosekana, wakamchomea mtumbwi, wakamwita Baba Samaki, kisha kila alipokuja mgeni mwenye kamera walivaa fulana za kikundi na kujipanga mstari wa mbele, vifua nje.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akahamia kwa Salome hapa Malangali ili awe karibu na hospitali, na ghuba akamwachia makamu wake, Leonardi, yule pale mwenye tai nyekundu. Alilazwa tarehe 14 Oktoba mwaka huu, na tarehe 18 Leonardi alipokuja kumjulia hali, mgonjwa alimuuliza jambo moja tu, kama ghuba bado imefungwa, akajibiwa imetulia kabisa, basi akaomba uji, akaumaliza, akalala akitabasamu, na alfajiri akafariki dunia.

Jana Leonardi na wenzake walileta mabeseni ya kuhe kwa ajili ya chakula cha msiba, wakitamba kwamba hawakuja mikono mitupu. Coleta alifunua, akaona ile rangi ya manjano yenye mistari myeusi ambayo kuhe huwa nayo akiwa analea, na katikati yao vitoto vidogo kama kucha. Mama wa watu aliagiza wafukiwe wote nyuma ya nyumba, kwa hiyo leo mtakula maharage, na asiyeyataka njia anaijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Malangali kwa kuni, maji na kukesha nasi, na wanakikundi wenzake kwa kuja na fulana zao, ambazo bado ni mpya, hazijawahi kulowa. Leonardi tunamshukuru kipekee kwa ule uongo wa hospitalini, ndiyo kazi pekee ya ulinzi aliyoifanya ikakamilika, maana mzee aliondoka na furaha.

Pumzika kwa amani, Theodory, na huko uliko usiulize tena habari za ghuba.