Pelagia Nduwimana (1971–2019) na Vita Alivyovielewa

Dada yetu Pelagia alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Makamba, Burundi, mtoto wa kwanza wa marehemu Godefroid na marehemu Prudensia. Alikuwa na mwaka mmoja wazazi walipomkimbiza Kigoma. Mimi, Fortunée, mdogo wake wa pekee, nilizaliwa ukimbizini.

Alimaliza darasa la saba Kasulu mwaka 1986. Baba aliweza kusomesha mmoja, akachaguliwa yeye; mimi nikabaki shambani. Lakini alikuwa akinisomea Biblia kwa sauti, na Maandiko ninayoyajua niliyapata kinywani mwake. Maneno haya ameyaandika binti yake, Liliane. Mimi nimeyashika kichwani.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na shemeji Nestor, wakajaliwa Liliane na Révérien. Juni 2008 tulifika sote Marekani, Dallas, mtaa wa Vickery Meadow, akapata kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli. Alitandika shuka kwa kukaza mno, hata nyumbani. Shemeji alisema anaingia kitandani kama barua kwenye bahasha.

Mwaka 2017 alijiunga na kikundi cha maombi cha Mama Mado, kilichofundisha vita vya kiroho. Kila Alhamisi walikariri silaha za Mungu: mshipi, dirii, viatu, ngao, chapeo, upanga. Februari 2018 dada aligundua uvimbe kwenye titi. Mama Mado akasema, “Huu ni mshale, Mama Liliane. Na aliyeurusha anakula mezani kwako.” Macho yote yakanigeukia mimi, niliyeachwa na mume, nisiye na mtoto.

Wakachukua vitenge nilivyomshonea, wakavichoma kwenye jiko la nyama pale uani kwa wapangaji. Moshi ukaleta zimamoto. Shemeji akajitetea, “Tunachoma nyama tu, bosi.” Yule wa zimamoto akainua kipande kwa koleo. “Nyama yenye maua?” Watu walicheka. Ningecheka nami, kama nisingekuwa nimevishona kwa mkono.

Dada hakunitetea. Nilihamia Houston, Sharpstown, na mizigo miwili. Kwa miezi saba walifunga na kukemea jina langu. Alipofika hospitali, Septemba, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Alivumilia matibabu zaidi ya mwaka mmoja, bila kulalamika.

Oktoba mwaka huu aliniita. Nilimkuta na Biblia kifuani.

“Fortunée, sisi tulikariri silaha tu. Mstari ulio juu yake tuliuruka.”

“Upi?”

“Unaosema hatupigani na watu. Wenye mwili na damu si adui zetu. Mimi nilitafuta adui mwenye sura, nikaiona yako.”

Akaendelea, “Na silaha ya kwanza, ule mshipi, ni kweli. Mimi nilikuvika uongo. Siku ya kunizika useme wewe, na useme hili, Mama Mado akiwepo.”

“Dada, watasema marehemu alichanganyikiwa.”

“Basi Liliane aandike, nitie sahihi.” Na sahihi yake ipo, ukurasa wa mwisho wa kijitabu mlichoshika.

Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nimesamehe, kwa sababu sikuwa nimesamehe, naye aliomba kweli. Nililala chini kando ya kitanda chake wiki tatu, nikimlisha uji. Hasira yangu nilikuwa nayo palepale. Nadhani hivyo ndivyo vita vyenyewe, na vyangu havijaisha.

Alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 9 Novemba 2019, akiwa na miaka arobaini na minane, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Mama Mado, nakuona pale nyuma. Sijaja kukukemea. Nimetumwa.

Marehemu ameacha mume, Nestor. Watoto wawili, Liliane na Révérien. Mjukuu mmoja, Precious. Na mdogo wake mmoja, Fortunée, ambaye hakumroga.

Bwana ampokee Pelagia na kumpumzisha kwa amani.