Mshale Unafukuzwa Saa Sita

Benchi la Odília lilikuwa nje ya duka lake la donati kwa sababu moja tu. Lilipokuwa ndani, wazee walibishana mpaka wateja wakawa wanatoka vikombe havijajaa. Odília, Mreno asiye na maneno mengi, akakata shauri: benchi nje, chupa kubwa ya kahawa nje, kelele nje. Asubuhi hiyo ya Aprili theluji ya mwisho ilikuwa imelala kandokando ya barabara, nyeusi kama soli ya kiatu, na wenye benchi walikuwa watatu. Murdo, aliyeitwa Mwanasheria, sheria yake yote aliipata kwa kukaa wiki moja kama mzee wa baraza kwenye kesi ya trekta lililoibwa. Bohdan walimwita Barafu, maana maisha yake yote aliendesha gari la kulainisha barafu kwenye uwanja wa hoki ya barafuni. Wa tatu alikuwa Thelma, yaani Redio, na jina hilo halihitaji maelezo. Thelma alikaa mwisho kabisa wa benchi, mbali na Bohdan. Tangu mke wa Bohdan, Oksana, alipomwibia trei yake ya kuokea keki, ile ya matundu kumi na mawili, hakai naye bega kwa bega. Oksana alikana. Lakini mwizi gani hakani?

Leo lakini hasira zao zilikuwa zimekutana mahali pamoja, kwenye Mshale.

Mshale ni ndege. Ilikuwa jeti nyeupe ya kivita, kali, iliyoundwa papa hapa Malton, kisha Ijumaa moja, miaka mingi iliyopita, serikali ikaufuta mradi wake, watu wakaachishwa kazi kwa kipaza sauti, na ndege zenyewe zikakatwa vipande. Wazee wengine wenye migongo mibovu walikuja kuiunda upya, ukubwa uleule, kwenye ghala la nyuma ya reli, bila mshahara. Haitaruka, ni ya kutazamwa tu. Clifford, mume wa Thelma, aliwapa Jumamosi zake zote mpaka mauti yalipomchukua Januari. Thelma hakukanyaga ghala lile hata siku moja. Mwanamke haendi kumtembelea mke mwenzake.

Sasa mwenye ghala anataka kuweka uwanja wa hoki. Kitakachokuwa kimebaki ndani leo saa sita mchana kitakatwa, kiende na chuma chakavu.

— Mara ya pili! Murdo alipiga goti lake. Mtu anauawa, anafufuliwa, anauawa tena! Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe linaingiaje hapo? Thelma akauliza.

— Ndege ndiyo mgeni. Ghala ndilo mwenyeji. Jembe ni sheria.

— Sheria yenyewe ya trekta.

— Lakini jamani, Bohdan akasema taratibu, watoto nao wanahitaji barafu.

— Haya! Mtu wa barafu kashatuuza!

— Sijamuuza mtu, Redio. Nauliza tu, mtoto asipocheza hoki atacheza nini?

— Atacheza na trei za watu, kama wanavyocheza wengine.

— Tumeshafika kwenye trei! Bohdan akamwambia Murdo. Asubuhi yote hii haijafika hata kikombe cha pili, tumeshafika kwenye trei!

Murdo akainua kidole, kama afanyavyo akitaka kuongea na baraza.

— Tulieni. Jiulizeni, Ijumaa ile nani alifaidika? Jirani wa kusini. Leo nani kamtia mwenye ghala jeuri? Huyohuyo. Wamarekani hawalali.

— Wanaogopa bati na mbao? Ndege yenyewe haina hata injini.

— Wanaogopa wazo, Bohdan. Penye wazee haliharibiki neno.

— Sasa hapo umetutetea sisi au Wamarekani?

— Nimetetea methali.

Bohdan akasogeza kikombe chake, krimu mbili sukari mbili, akainama mbele kama mtu anayetoa siri ya kanisa.

— Si Wamarekani. Mimi barafu naijua. Uwanja wa barafu hauji hivihivi, lazima uchimbe sakafu ulaze mabomba. Sasa mnajua kwamba ndege moja ilinusurika, haikukatwa?

— Kila mtu Malton anajua hilo.

— Basi iko chini ya ghala! Wanaifuata. Hoki ni shuka tu la kufunikia.

— Nani kaifukia?

— Waliofukia.

— Uongo, akasema Murdo. Haiko chini. Iko juu. Haijatua mpaka leo.

Hata gari lililokuwa likipita lilipunguza mwendo, au ndivyo Thelma alivyoona.

— Tangu Ijumaa ile? Na mafuta je?

— Inatiwa hukohuko juu.

— Rubani si atakuwa kizee?

— Wanapokezana.

Thelma akacheka kwa dharau. Wanaume wanajua mafuta, hawajui watu.

— Nyie wote hamna kitu. Huyu mwenye ghala, baba yake aliachwa kwenye mataa. Msichana alimkimbia kwa ajili ya fundi wa Mshale, pete ikiwa kidoleni. Mzee akafa na kinyongo, akamwachia mwanawe kinyongo na ghala. Haya ni mapenzi, si siasa!

— Msichana huyo nani? wakauliza wote wawili, maana umbeya mtamu humla hata mwanasheria.

Thelma hakupata nafasi ya kumtungia jina. Mlangoni kwa Odília alikuwa amesimama mwanamume mwenye kilemba cha rangi ya chungwa, unga wa bati ndevuni, boksi la donati mkononi. Jina lake Baldev, fundi wa malori aliyestaafu, aliyehamia Malton mwaka jana tu na kujiunga na wazee wa ghalani.

— Samahanini wazee wangu, akasema. Nimewasikia. Mnaijua sana ndege hii. Mmeshaiona?

Thelma akakoroga kahawa iliyokwisha korogwa.

— Kuona kwa maana ya...? Murdo akajaribu.

— Kwa macho.

Murdo akalishika goti lake, kama ndilo lililomzuia. Bohdan akakumbuka mbwa wake hapendi kubaki peke yake. Miaka yote hiyo ya hasira, na ghala liko mitaa miwili tu kutoka hapo.

— Siulizi kwa ubaya, Baldev akasema. Mabawa tumeshatoa. Imebaki pua, na chumba cha rubani ndani yake. Kigari chake kimevunjika gurudumu, lazima tubebe kwa mikono, na mikono haitoshi. Halafu akamgeukia Thelma. Wewe ndiye Redio?

— Nani kakwambia?

— Clifford. Alisema nikimkuta mwanamke anayeshinda ubishi kabla haujaanza, ndiye mkewe. Saa zote za rubani alizitengeneza yeye, mama. Saa ya mwendo, ya kimo, ya mafuta. Kazipanga kwenye trei ya keki. Kila tundu na saa yake, zimeenea kama zilizozaliwa humo.

Thelma akaweka kikombe chini.

— Ina alama ya kuungua pembeni?

— Upande wa kulia. Alisema ni Krismasi moja.

Bohdan akageuka polepole sana.

— Redio.

— Usiniambie kitu, Bohdan.

— Sijasema kitu. Ni vile Oksana miaka yote hii anapita njia ya uchochoroni kwenda kanisani, akikukwepa wewe.

Clifford! Alikaa mezani nyumbani kwao, kisu cha siagi mkononi, akamsaidia kumlaani Oksana wa watu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko kabisa! Thelma alitamani afufuke dakika moja tu ili amgombeze, kisha akatamani afufuke tu.

— Twende basi, Murdo akasema bila kuinuka. Tumalizie kahawa kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Kwa mara ya kwanza methali yake ilikaa mahali pake, na ndiyo iliyomwinua Thelma, maana saa sita haingoji kahawa. Akaishika chupa kubwa ya Odília, akafungua kifuniko, akaimwaga kahawa yote kwenye theluji nyeusi. Mvuke ukapanda mpaka kwenye kilemba cha Baldev.

— Redio! Ilikuwa nusu chupa ile!

— Imekwisha. Murdo, goti lako lililokuleta kwenye kahawa litakufikisha kwenye kazi. Bohdan, mpigie mkeo.

— Nimwambie nini?

Thelma akafunga vifungo vya koti la Clifford, lililomzidi mikono.

— Mwambie Redio imekosea. Na aje na mikono yake yote miwili.

Akatangulia kuelekea reli, mbele ya wanaume, akifoka peke yake kwa sauti ya kusikika dukani:

— Ndege siendi kuiona mimi! Naifuata trei yangu. Na mwenye msumeno ajaribu kuigusa, nimemwambia, ajaribu!