Asubuhi Arobaini za Wan Habsah

Kwa masikitiko makubwa, tawi letu la Kota Bharu linatangaza kwamba kuanzia Alhamisi hii, tarehe 29 Juni, birika la chai halitakuwa na mtu wa kuligombea na mimi. Wan Habsah binti Wan Sulong anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kuuza takafuli, bima yetu ya Kiislamu.

Alianza kwa miguu, sokoni, na hoja za dini alizozikariri. Wanawake wa soko walimsikiliza, wakamuuzia mboga asizozihitaji, wakamuaga. Kuandikisha mrithi, walisema, ni kujiitia mauti. Mgumu kuliko wote alikuwa Mek Senah, muuza budu, ule mchuzi wa dagaa.

“We Habsah, kila ukiniona unaulizia kifo changu. Kaburi umeshanichimbia?”

“Bado, Dada. Nipunguzie bei kwanza.”

Wakaendelea hivyo miaka tisa.

Taarifa ya ofisi inasema soko lilijiunga mwaka wa mafuriko, baada ya hotuba yake nzuri. Taarifa hiyo niliiandika mimi. Hotuba haikuwapo.

Ukweli ni huu. Novemba ile Mek Senah alikubali, akaweka dole gumba kwenye fomu. Mimi, karani hodari, nikaona hakuna sahihi ya shahidi, nikaiweka kando ili irudishwe. Ikakaa wiki tatu. Maji ya Desemba yakamchukua Mek Senah, na binti yake, Rohayu, hakupata kitu.

Habsah alikwenda msibani akasema, “Kosa ni la ofisi, na hapa ofisi ni mimi.” Hakunitaja. Kisha asubuhi arobaini, kabla ya kazi, alikaa kwenye meza ya marehemu akimsaidia Rohayu kuuza. Alikuja ofisini ananuka dagaa, nasi tukamtania. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku ya arobaini, muuza ndizi wa meza ya jirani alimwita: “Lete hiyo karatasi yako. Nikifa, wewe angalau najua utakuja.” Wenzake wakafuata.

Jumatatu ya wiki hii nilikwenda kwa Rohayu, nikamwambia fomu ya mama yake ilikwama kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kupanga chupa.

Dada Habsah, ahsante kwa mzigo uliobeba ambao haukuwa wako. Mungu akupe afya, na miaka mingi ya kupumzika.