Tisa Kati ya Kumi

Wafiwa, majirani na nyote mliofika, haya ni maisha ya mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Sehemu, yameandikwa na yanasomwa na kaka yake mkubwa, na kwa kuwa binti wa marehemu ameomba pasifichwe neno, halikufichwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa kitinda mimba, na baba yao alipofariki miaka sita baadaye, kaka yake, aliyekuwa tayari karani, alimlea, akamfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, na Januari 1963 akamshika mkono mpaka mlangoni pa darasa la kwanza.

Alihitimu chuo cha ualimu tarehe 28 Novemba 1975, akafundisha hesabu katika shule moja tu kwa miaka arobaini, na mtoto aliyeshikilia kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, eti kwa sababu nne inaizidi tatu, hakuchapwa, aliambiwa achague kipande chake cha mkate, akala robo yake akimtazama mwenzake aliyepewa theluthi.

Aliolewa tarehe 18 Desemba 1979 na seremala wa madirisha, wakajaliwa mtoto wa kiume, ambaye ni fundi umeme, na binti, karani wa ghala, na tangu mumewe alipofariki mwaka 2004, kila jambo zito alilipeleka kwanza kwa kaka yake.

Mwaka 2018 alianza kukohoa damu, akatibiwa nimonia mara tatu katika pafu lilelile, mpaka tarehe 14 Mei 2019, kamera iliposhushwa katika njia ya hewa, ikaonekana saratani adimu ya mapafu, ya aina inayokua polepole, naye hakuwahi kuvuta sigara. Daktari wa upasuaji aliwaita yeye na kaka yake, akaeleza kwamba ugonjwa haujatoka pafuni, kwamba ataondoa sehemu ya chini ya pafu la kulia, na kwamba kati ya wagonjwa kumi wa aina hiyo wanaopasuliwa mapema, tisa huwa hai miaka mitano baadaye.

Kaka yake alisikia mitano. Aliwaambia ndugu kwamba wanataka kumpasua mtu anayekwenda sokoni kwa miguu yake, ili wampe miaka mitano, basi. Marehemu akachukua bahasha ya picha za kifua, akachora maduara kumi, akakata moja, akaeleza taratibu kwamba mitano si mwisho wa uhai, ni mahali madaktari wanaposimama kuhesabu, na wengi wa hao tisa huendelea na safari.

"Mdogo wangu, hesabu zako ni za ubaoni," kaka yake alimjibu mbele ya wote. "Hiki ni kifua."

Watu wakacheka kidogo. Fomu ya upasuaji alikuwa na haki ya kuitia saini mwenyewe, lakini aliikunja, akaitia mkobani, akaenda jikoni kutazama chai.

Januari 2022, fomu ikiwa bado haina saini, uso wake ulianza kuiva na kuwaka joto bila sababu, pumzi ikawa fupi, na ilipoonekana saratani imefika kwenye ini, daktari yuleyule alisema kisu hakina kazi tena, zikabaki sindano za kila mwezi. Siku moja kaka yake alimuuliza kama anamlaumu.

"Kaka, kuhesabu ulinifundisha wewe," alisema, akageukia ukutani.

Alifariki tarehe 25 Mei 2024, saa tatu asubuhi, wodini, akiwa na miaka sitini na minane.

Familia inawashukuru wauguzi, majirani waliomfulia shuka bila kuitwa, walimu wenzake waliokuja kwa zamu, na daktari wa upasuaji, aliyeeleza mara mbili, kwa maneno mepesi, na ambaye hana kosa lolote katika habari hii. Kwenu mnaobaki, mgonjwa akiielewa karatasi yake, mwachieni kalamu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Jibu lako lilikuwa sahihi, aliyekosea ni msahihishaji.