Mzee Muia, Mwenye Nyimbo za Nyanya

Kiragu, wewe ni katibu wa soko na umesoma mpaka kidato cha nne, lakini kikaratasi ulichoniletea ni cha aibu. Mistari miwili: "Mzee Muia amesoti nyanya kwa uaminifu. Tunamshukuru." Hata punda wa mkokoteni angeandikiwa zaidi. Nimekikunja nikawashia jiko. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini haya nimeandika kwa mkono wangu, na mjukuu wangu Hayat amenyoosha herufi tu. Yachape hivi hivi kwa kijitabu cha sherehe.

Muia Mutie anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na tatu ya kusoti nyanya. Sita alifanya soko la Kawangware 56, ishirini na saba hapa kwetu Silanga, Kibera. Jumamosi asubuhi anarudi kwao Mwingi, na nyimbo zake zitaenda naye, kwa sababu hakuna mmoja wetu anayezijua zote.

Wageni wa soko wafahamu kwanza kusoti ni nini. Kreti ikishuka kwa lori, mtu anaketi na kutenga: za leo, za kesho, za kesho kutwa, na zile zilizopondeka za kupelekea wapika chipsi. Mzee Muia hakuwahi kubonyeza nyanya mara mbili. Kidole gumba kikigusa karibu na kikonyo, amejua. Akikuambia hii ni ya Alhamisi, Alhamisi asubuhi inaiva mbele yako.

Na mikono ikitenga, mdomo unaimba. Nyimbo alitunga mwenyewe, kila aina ya nyanya na ubeti wake. Hii mnayosikia Nafuna, muuzaji wa Rio, akiita wateja nayo ni yake:

*Rio ana ngozi ngumu, moyo wake laini,*
*mpakie mpaka Busia, hatalia njiani.*

Ya Muthoni, ile ya kanyanya kafupi ka Kal-Jei kanakotosha wajukuu kakiingia sufuriani, ni yake pia. Na ya kwangu, ya Anna, nyanya zinazotoka kwa mashamba ya kufunikwa kwa nailoni:

*Anna mtoto wa nyumba ya nailoni,*
*mvua haijui, mwonjesheni dunia.*

Alikuwa na sheria moja kali. Muuzaji anafundishwa ubeti wa nyanya anayouza, basi. Nafuna aliwahi kuiba ubeti wa Anna siku hana Anna mezani, Mzee Muia akaweka kreti chini akamwuliza, "Nafuna, wewe unaita jina la mtoto ambaye hajazaliwa kwako?" Soko lilicheka mpaka mchana. Tangu hapo kila mtu na wake, na ndiyo sababu wimbo mzima uko kwa kichwa kimoja tu.

Vijana wa kubeba kreti walimzoea vibaya. Shiundu siku moja akamwambia, "Mzee, hii ni soko ama kwaya?" Akajibiwa, "Kwaya hukaa kwa kivuli. Wewe beba." Mwingine akamwuliza hizo nyimbo alirekodi wapi. "Kwa kichwa ya Muthoni," akasema, na hakuinua macho.

Lakini aliwahi kujaribu. Enzi zile za Kawangware alijirekodi kwa kaseti akaipeleka mjini kwa watu wa redio, amevaa koti la kuazima. Walimsikiliza nusu dakika. Wakamwambia huo si wimbo, ni tangazo la biashara. Kabla ya saa nne alikuwa amerudi kwa kreti zake, koti amelikunja kando lisichafuke. Utepe wa hiyo kaseti uliishia kufungia mafungu ya sukuma wiki. Hadithi hii nilipewa na wenzake wa Kawangware. Yeye hajawahi kuilalamikia.

Sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa na mimi niko ndani.

Mwaka wa 2019 Hayat aliolewa. Siku ya doluka, ngoma yetu ya wanawake, mabinti walichukua ule ubeti wa Anna wakauweka kwa ngoma, na Kibera yote ilicheza. Wageni wakaniuliza, "Habuba," yaani bibi kwa lugha yetu, "huu wimbo ni wa nani?" Nikawajibu ni wa wazee wetu, wa zamani, hauna mwenyewe. Mzee Muia alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu na sahani ya pilau. Alisikia. Akaendelea kutafuna polepole, akamaliza, akanawa mikono, akamshukuru mpishi. Jumatatu akanitengea kreti safi kuliko zote.

Angenitukana ningepona haraka. Leo nasema mbele ya soko zima, nilidanganya. Wimbo ule una mwenyewe, anaitwa Muia Mutie, na nyote mlioucheza mjue hivyo.

Limebaki jambo moja. Kuna ubeti wa Manimeka. Nyanya yenyewe watoto wa siku hizi hawaijui: ya mviringo, ngozi nyembamba kama ya mtoto mchanga, ukiikata maji yake yanafika kwa kiwiko. Haistahimili lori, kwa hiyo wakulima wameiacha, wamefuata hizi ngumu zinazodunda kama mpira. Aliyekuwa akiiuza hapa ni dada yangu Mabrouka, na ubeti wake alizikwa nao mwaka wa 2011. Tangu siku hiyo Mzee Muia hajauimba. Anaupiga mbinja tu, jioni, akimwagilia ile mistari miwili ya Manimeka aliyojipandia kule kando ya bwawa kwa kula kwake. Hula moja mbichi na chumvi, amesimama. Niliwahi kumwuliza kwa nini ile, na mashamba yamejaa nyanya nzuri. Akasema hizo nyingine zimetengenezewa safari, hii imetengenezewa mdomo.

Mzee Muia, umetusotia watoto wetu wakasoma. Ulikuja mapema, hukulewa, hukuficha mbovu chini ya nzuri hata siku moja. Asante. Nenda nyumbani mgongo wako upumzike, mvua ikupate umeshapanda, na Mungu akupe miaka ya kuketi bila kreti mbele yako.

Na nyinyi mnaobaki, Ijumaa saa nne asubuhi mfike wote, na mtu asiniletee hadithi ya wateja. Nafuna ataanza na Rio, Muthoni afuate na Kal-Jei, mimi na Anna. Hayat atashika simu arekodi, na awe ameijaza chaji. Kiragu, wewe lete daftari mpya, uandike kila neno, na juu ya ukurasa wa kwanza uandike jina lake lote kwa herufi kubwa. Tukimaliza zetu tutamwomba ubeti wa Manimeka, kwa adabu, mara moja. Akikataa, msimsukume. Akianza, fungeni mdomo, zimeni redio, shusheni kreti polepole, na mtu asipige makofi mpaka amalize.