Boksi Alilochora Mama Yenu

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa kitandani wote wawili, tena upande mmoja, nisigeuze shingo huku na huku kama feni kwa ajili ya ugomvi wenu. Wewe Mkubwa, acha kutazama saa. Nimetengeneza saa maisha yangu yote na najua hiyo yako inakimbia. Na wewe mama, binti yangu, futa machozi, sijafa bado. Msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima.

Nyumba hii ni yenu nyote, na asimfukuze mtu mwenzake. Cherehani ya mama yenu ni ya binti yangu, ndiye anayejua ubishi wake. Vifaa vyangu vya saa ni vya Mkubwa, hata kama atavitumia kufungulia soda.

Zimebaki treni zangu za kuchezea, na najua ndizo zilizowafanya msikae meza moja tangu yule mnunuzi alipokuja kuzichungulia kupitia kioo cha kabati. Nimesikia yote, ukuta huu ni mwembamba. Amekwambia, Mkubwa, kwamba treni ya zamani ikiwa ndani ya boksi lake la asili bei hupanda maradufu, basi ukwangue muhuri wa "nakala" chini ya kila boksi, nani atajua? Thubutu! Maboksi yale nilichapishiwa na mpiga chapa rafiki yangu, rangi kwa rangi, herufi kwa herufi, na muhuri nikaugonga kwa mkono wangu ili asidanganyike mtu. Wajinga ndio waliwao, ni kweli, lakini sitaki watoto wangu wawe ndio walaji.

Tena hata hicho cha kuuza hakipo. Alipoondoka nilifungua kabati. Ndani ya kila boksi niliweka sponji, magurudumu yasikwaruzike, nikafunga, nikawa sifungui, najivunia maboksi kwa nje. Kumbe miaka yote hiyo sponji inayeyuka na kunata kwenye rangi. Nilivuta behewa, rangi yake ikabaki ndani ya boksi. Vichwa vya treni vimeota kutu, springi hazikazi. Mnagombania kabati la kutu, wanangu.

Hilo silijutii sana, bati ni bati. Ninalolijutia ni neno ulilomwambia dada yako juzi, Mkubwa: "Mama asingechoma yale maboksi ya asili, tungekuwa matajiri." Lilinichoma, kwa sababu ni neno langu, umelisikia kwangu tangu utotoni, na mimi sikukwambia hata siku moja yalichomwa kwa ajili ya nani.

Yalichomwa kwa ajili yako. Ulizaliwa kabla ya siku zako, mtoto njiti, na mkunga akamwambia mama yako joto lisikuishie hata kidogo, akuwekee chupa za maji ya moto ubavuni. Mvua ilikuwa haikatiki, paa la stoo lilivuja, makaa na kuni vyote vikalowa. Na mimi sikuwepo. Nilikuwa nimesafiri kwenda kutazama behewa la mizigo la kuchezea lililokuwa linauzwa. Mama yako, hata nguvu hazijamrudia baada ya uzazi, alizitoa treni zangu moja moja, akazilaza juu ya shuka safi, ndipo akawasha moto kwa maboksi. Hakuna hata moja aliyoikwaruza.

Niliporudi niliziona treni ziko uchi, nikafoka. Nilizihesabu zote kabla sijafunua kitambaa nikutazame wewe uso. Yeye akakuwekea tu chupa nyingine ubavuni. Hasira hasara, lakini mimi nilidhani hasara ni maboksi.

Baada ya arobaini yake ya uzazi alichukua boksi la viatu, akalikata kwa vipimo vya kichwa cha treni nilichokipenda, akalishonea ndani flana iliyobaki kwenye nguo zako za uchanga, na juu akachora treni kwa kalamu za rangi. Moshi akauchora unatangulia mbele ya treni. Nikacheka mbele ya wageni: "Jamani, tazameni, treni hii inafukuza moshi wake!" Akacheka na yeye, akaenda jikoni, na hakuchora tena kitu chochote. Nikalisukumia juu ya kabati la nguo, na kichwa alichokilaza kikiwa humo humo, nikaenda kwa mpiga chapa. Mama yenu ameingia kaburini hajasikia kwangu neno moja zuri juu ya boksi lile. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja bibi yake hayupo.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Sikilizeni. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Nyinyi mpatane leo, nikiwaona. Treni zilizoharibika wapeni watoto wa mtaa, na mnunuzi mwambieni ukweli. Boksi la mama yenu halina bei. Mtalitunza wote wawili, likae kwa mmoja, kisha kwa mwingine, ili mlazimike kutembeleana.

Mkubwa, lishushe. Liko palepale, juu ya kabati. Mama, mshikie kaka yako kiti, asije akaanguka... Lifungueni. Mnaona treni ilivyo salama? Flana imekunywa vumbi lote, rangi inang'aa. Zungusha ufunguo. Taratibu, mwanangu, taratibu... springi usiilazimishe. Iweke sakafuni. Iachie.

Nyamazeni kidogo.

Inakwenda... Mungu awape kupendana. Awape ulimi mwepesi wa kushukuru, msingoje... msingoje kama mimi. Mkinizika, nilazeni karibu na mama yenu. Acheni mlango wazi, iende mpaka chumbani kwake.

Mama watoto... boksi lako zuri. Zuri sana.